Kiatu cha Yaya Deo Kilichobaki Tanzania

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi, upepo, vumbi jekundu mpaka ndani ya sukari.

Nawatangazia wakaaji wote wa Kampemba, na Lubumbashi nzima kwa jumla, kwamba kiatu kimoja cha ngozi, cha mguu wa kulia, rangi ya kahawia, kimebaki nchini Tanzania. Hakina pasipoti. Hakitarudi. Bendera zipepee nusu mlingoti.

Nilipoondoka niliwaahidi mashauri, ninyi mnaosoma hapa na mnaotamani kuiona bahari kabla meno hayajaisha. Mashauri ninayo. Nguvu ya kuyaandika ndiyo sina, lakini nikikaa bure nitaanza tena kutazama mlango.

Basi. Kadi ya njano ya chanjo iwekeni mfukoni, si chini ya sanduku. Mimi nilifungua sanduku mpakani mbele ya basi zima, na kaptula yangu ikajulikana kabla yangu. Chukueni koti: kabla ya kufika kwenye joto la Dar es Salaam kuna milima ya Mbeya, na baridi yake haina huruma. Bei ya bajaji mpatane kabla ya kupanda, maana ukifungua mdomo tu na Kiswahili chetu cha Lushi, dereva anajua umetoka mbali, na bei nayo inatoka mbali.

Halafu bahari. Kwa upande wa mama mimi ni mtu wa Kasenga. Maji ninayoyajua ni ya mto Luapula. Ukiacha viatu kando ya Luapula, unarudi unavikuta. Kwa hiyo nilivua, nikaviweka mchangani, pakavu kabisa, nikaenda kupigwa picha na kaptula yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba bahari inaondoka na kurudi, na kwamba ikirudi haiulizi vitu ni vya nani.

"Mzee wangu!" muuza madafu alipiga kelele. "Kiatu chako kinakwenda Zanzibar bila tiketi!"

Nilikimbia. Nikaokoa cha kushoto.

Viatu havikuwa vyangu.

Vilikuwa vya yaya Deo, kaka yangu mkubwa. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, akatuachia ugonjwa wa kupiga viatu rangi. Mimi nilipona. Deo hakupona. Siku ya safari alitazama miguu yangu, nimevaa vile vyangu vyeusi vya plastiki, akashika kichwa.

"Na bile ndiyo unaenda nabyo kwa bantu? Utapatisha inchi yote haya!"

Akanivua, akanivalisha viatu vyake vya misa.

"Hii haiko bilato, iko diplome yangu. Ukipoteza hata kimoja usirudie huku. Bakia kule, uoe samaki."

Jioni ile ya bahari niliogopa kumpigia. Niliandika kwenye simu yake maneno mengi ya kujitetea, nikatanguliza picha ya kaptula ili acheke kwanza. Nikangoja matusi.

Jibu likaja: "Yaya anasema haina neno. Pumzika muzuri."

Haina neno.

Deo, ambaye aliwahi kuninunia wiki nzima kwa sababu ya supu niliyomwagia kwenye soksi! Nikafungua kundi letu la familia. Wote walikuwa wapole. Hakuna hata mmoja aliyeicheka kaptula.

Shauri langu la mwisho ni hilo: mkiwa ng'ambo, na watu wa kwenu wote wakawa wapole, fungeni mizigo.

Nilifunga. Njia nzima niliendelea kupanga namna ya kujitetea, maana mtu unayejiandaa kumwomba msamaha lazima awe hai.

Ukweli wenyewe ni huu. Teksi ilipokata kona ya kwetu niliona turubai na viti vya plastiki. Deo alianguka asubuhi moja, moyo, kabla mimi sijaiona hata hiyo bahari. Kwetu msafiri hapewi habari ya kilio akiwa njiani peke yake, kati ya watu asiowajua. Wakubwa walikaa, wakakubaliana hivyo. Mulamu wangu Agathe, mke wa Deo, ndiye aliyekuwa akinijibu. Walimzika mimi nikibishana bei ya bajaji.

Agathe alikitazama kile kiatu kimoja mkononi mwangu.

"Tulitafuta bilato byake bya muzuri tumuvalishe," alisema. "Tukakumbuka uko nabyo. Tukamuvalisha byako."

Tulicheka, Mungu atusamehe. Halafu yeye ndiye aliyeanza kulia, na mimi nikafuata.

Kwa hiyo yaya Deo amelala na viatu vyangu vya plastiki.

Leo nimekipiga rangi kile cha kushoto mpaka kinang'aa kama alivyopenda. Kesho baada ya misa nitakwenda kaburini kumwambia mwenyewe habari ya cha kulia.

Natamani sana anitukane.