Kioo cha Chombo cha Mwezini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Babu Cherehani; la kitambulisho afande analo. Umri: miaka sabini na mbili. Kazi: fundi nguo. Makazi: chumba cha nyuma ya kibanda changu cha kushonea.

Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika mwezini. Naona afande ameweka kalamu chini, basi niseme kweli: nilifika usawa wa paa la choo cha uwanja wa bembea.

Mnamo Jumamosi, saa tisa alasiri, nilikuwa uwanjani hapo kwenye Chombo cha Mwezini, siku yake ya pili tangu kifunguliwe, na ya mwisho. Mwenye chombo hujiita Kamanda. Mtu huyo ni debe tupu lenye kipaza sauti. Alitangaza kwamba kofia zake za majaribio zinapima hofu ya abiria, na mlango haufunguki mpaka kila mtu atulie. Watu wakagoma kupanda.

Kamanda akafoka, "Waoga nyinyi! Mzee, twende tuwaoneshe."

Tukaingia wawili, tumevaa nguo za kung'aa nilizoshona mimi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyeajiriwa na Kamanda, akabonyeza kitufe kule nje. Chombo kilipanda, kikatikisika kama mkokoteni, kikashuka. Ukutani, taa ya kofia yangu ikawa ya kijani. Ya Kamanda ikawa nyekundu, mlango ukagoma. Kila akiitazama ile taa, hofu inampanda.

Nikamwambia, "Tulia baba, nyota zinakuangalia." Akalia kama ndama, akipiga kioo: "Binti, vunja! Nakufa!"

Mpwa wangu akasema, "Bosi, kioo hiki si ni ghali?"

"Vunja, mama yangu!"

Ndipo akavunja kwa spana.

Leo Kamanda anadai alikuwa nje, na binti kavunja kwa chuki. Binti yupo mahabusu tangu jana. Mwanamume mzima, tumbo mbele, haya hana!

Sasa, ile nguo yake ninayo. Aliivulia kibandani kwangu, akanisihi niifue na nifunge mdomo. Sikuifua. Mikunjo ina chenga za kioo, na mbele ililowa, wala siku ile mvua haikunyesha. Nilimkatia kwa kipimo cha tumbo lake. Mwingine wa kuenewa nayo labda tangi la maji.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, sipunguzi hata uzi.

Nyongeza: Afande, suruali yako ilipopasuka makalioni siku ya gwaride, niliishona wewe ukiwa umejificha nyuma ya pazia langu, na mpaka leo sijamwambia mtu. Nisitiri na mimi kidogo: mpwa wangu akae nami hapa kwenye benchi mpaka Kamanda aletwe kujaribishwa nguo.

Sahihi ya shahidi: Babu Cherehani

Maelezo ya afisa: Shahidi amekataa kufuta nyongeza. Binti yupo kwenye benchi.