Doa Jeupe Kwenye Jicho la Tausi

Jumamosi, baada ya chakula cha usiku

Mwanangu Tausi amenitia kidole jichoni sasa hivi, akacheka peke yake, kisha akasinzia, nikamlaza kwa bibi yake. Laiti angejua macho yake yalivyonitesa leo.

Jioni nilimpiga picha tatu uani, jua likizama nyuma yake. Nilitaka kumtumia baba yake, yuko porini Uyui kwenye mizinga ya nyuki. Kufungua ya kwanza, naona doa jeupe katikati ya mboni ya jicho la kushoto. Simu ikaniponyoka. Nesi wa kliniki alishatuambia, ukiona weupe kwenye mboni, huenda ni saratani ya jicho, mlete mtoto upesi.

Nikampelekea mama mkwe simu. Akazitazama picha zote tatu, polepole. Ya pili, doa liko ukutani. Ya tatu, liko mgongoni kwa mbuzi.

"Basi na mbuzi naye ana jicho mgongoni," akasema. "Mwanangu, simu umeielekeza kwenye jua. Geuka, lipe jua mgongo."

Nikageuka, nikampiga tena. Mboni zote mbili nyeusi, safi. Nikakaa palepale vumbini.

Hata hivyo Jumatatu nampeleka kliniki. Najua ni jua, lakini lile doa bado naliona nikifumba macho. Picha sijaifuta, nataka nesi aione, aniambie kwa mdomo wake kwamba ni jua tu.

Mama mkwe ananiita. Anasema Tausi kaamka, anaifuata taa kwa macho yote mawili, kila inakokwenda, niende nione. Naiacha kalamu hapa.