Programu Isiyojua Kupiga Hodi

Jumanne, Gatina

Wewe Nekesa, mjukuu usiye na haya, najua kila ukija unasoma daftari hili nikienda kuchota maji. Miezi miwili ulikuwa hujakanyaga hapa! Kwani huko kwako mtaa wa Raila ni ng'ambo?

Leo umekuja ukilia. Programu yako ya kuunganisha wateja na ghala la data mtandaoni imefungiwa nje, na kesho isipofanya kazi, unafutwa kazini.

"Isipojibiwa inafanyaje?" nikauliza.

"Inajaribu tena, Kukhu. Papo hapo, bila kukoma."

"Imelelewa na nani hiyo? Hodi ni mara tatu, na katikati unangoja. Hata mimi ningeifungia."

Ukacheka, ukaiandikia amri ya kungoja. Tulipomaliza chai, ghala likajibu. Sijasomea kompyuta, lakini milango naijua.

Ukija tena, kwangu usipige hodi. Sukuma tu, uingie.