Bilula ya Ishirini na Saba

Changamwe, Mombasa
Alhamisi, 9 Agosti 1962

Kwa dada yangu mpenzi, Waridi binti Mbwana,

Kabla ya salamu nina ombi. Barua hii isome peke yako, mlango umeufunga, na ukishaisoma usimwambie mtu neno hata moja: si shemeji, si jirani, na Mama ndiye hasa asisikie. Akikuuliza nimeandika nini, msomee ile karatasi ndogo ya buluu niliyoitia ndani. Hiyo nimemwandikia yeye. Haina uongo, ila imenyamazia mengi. Hii kubwa ichome.

Sasa, shikamoo dada. Natumai uko na afya njema, wewe, shemeji na watoto. Goti la Mama linaendeleaje? Mafuta ya kuchulia niliyompa Faki alete Tanga yalifika, au aliyasahau tena ndani ya basi? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila usingizi umenipungua na mwandiko umepinda kidogo, kama unavyouona. Usinicheke. Wewe ndiwe uliyenipiga vidole nilipokuwa nikiandika ovyo, na adabu hiyo ndiyo iliyonipatia kazi.

Sijapata kukueleza kazi yenyewe ilivyo. Hapa katika ghala la mafuta kuna matangi saba, na mabomba yanayotoka humo hupita mengine juu ya ardhi na mengine chini yake, mpaka mahali malori yanapojazwa. Kwenye mabomba kuna bilula sitini na nne, kubwa, za gurudumu la chuma. Kila moja ina namba yake na kibao chake cha bati, na kwenye kibao mna maneno machache: inafungulia mafuta gani, inayapeleka wapi, ifunguliwe wakati gani. Maneno hayo hayo yamo katika kitabu ofisini. Mara moja kila mwaka ni juu yangu kuhakiki kwamba kila bilula inafanya lile lililoandikwa, kisha nitie sahihi.

Nikwambie tulivyokuwa tukihakiki. Mwenzangu ofisini ni Ghanim, wa jamaa wenye duka la vitambaa mjini, kijana mcheshi asiyetoka kivulini kwa kuwa, asema, jua la Changamwe humpausha mashati. Tulifanya kama tulivyozoea chuoni tuliposahihishana juzuu: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole. Ghanim alisoma kitabu, mimi nikafuata kwenye orodha ya vibao. Asubuhi moja na vikombe viwili vya chai, tukamaliza zote sitini na nne. Hapakuwa na kosa hata la nukta. Tulijisifu sana. Hakuna kati yetu aliyetoka nje kutazama bomba linaelekea wapi.

Sasa yupo mzee mmoja, jina lake Mramba, mfungua bilula tangu ghala lilipojengwa. Alizijua zote kwa mkono, kama mama anavyojua vichwa vya wanawe gizani. Mwaka juzi ikaja amri kwamba asiyejua kusoma asishike bilula. Nikamfundisha mimi, kila baada ya kazi, barazani kwake, katika nyumba za wafanyakazi. Mkewe, Bi Nyevu, alikuwa akitukaangia mihogo na kumtania mumewe kwamba amezaliwa upya, kesho atataka kubebwa mgongoni. Mzee alisoma polepole, lakini neno asilolijua hakulirukia. Alilizunguka mpaka likamfungukia. Siku aliposoma kibao chake cha kwanza aliniletea jogoo, na tangu hapo akaniita mwalimu, mimi niliye sawa na mwanawe wa mwisho.

Jumanne ya wiki iliyopita bomba la mafuta ya taa lilijaa kupita kiasi. Mzee Mramba alikwenda kwenye bilula ya ishirini na saba, akasoma kibao, akafungua. Mafuta yakamwagika mahali pa malori kama mvua ya masika. Lori moja lilikuwa likiunguruma pale, na moto ukashika. Wote walikimbia kuokoa roho zao, ila yeye alirudi kuifunga bilula, na gurudumu la chuma lilikuwa limeshapata moto. Hakufa mtu, Mungu ni mkubwa. Lakini mikono yake yote miwili imeungua mpaka juu ya kifundo.

Ofisini kulikuwa na jibu kabla moto haujapoa: mzee hajui kusoma, amefungua bilula isiyo yenyewe. Msimamizi wetu wa Kizungu aliniita, akanikalisha, akaniambia kwa upole kwamba kuanzia Septemba kiti cha karani mkuu ni changu, maana nchi inabadilika na wanahitaji vijana kama mimi. Kisha akaniagiza nipige taipu taarifa ya kikao cha Jumatatu, kwamba Mramba alikosea kusoma. Baada ya kikao hicho mzee atafukuzwa, na Bi Nyevu atatoa vyombo vyake katika nyumba ya kampuni.

Nilikwenda hospitali kumtazama. Nilidhani atalalamika. Dada, aliniomba radhi. Aliniambia nisamehe mwalimu, nimekutia aibu. Hata hivyo, akasema, aliona herufi kwa herufi kwamba mafuta yatarudi tangi la nne, sasa hajui macho yake yaliona nini. Akaniuliza kama kuna maneno yanayoandikwa hivi na kusomwa vingine, ambayo sikuwahi kumfundisha. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa kama mizigo miwili. Bi Nyevu alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, na safari hii hakuwa na utani.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye bilula. Kibao kimeingia moshi, nikakifuta kwa leso. Mzee alisoma sawasawa. Kibao kinasema tangi la nne. Kitabu kinasema tangi la nne. Bomba ndilo lililoacha kwenda huko, tangu mwaka juzi walipojenga tangi la saba na kugeuza njia. Mafundi waligeuza chuma wakaondoka, na maneno yakabaki palepale.

Basi nikaanza upya. Siku nne, wakati wenzangu wanakula chakula cha mchana, nilishika chaki na daftari nikayafuata mabomba kwa miguu, moja moja, kutoka gurudumu hadi mwisho wake. Yaliyozikwa chini nilisaidiwa na Lewa, mwenzake Mzee Mramba: yeye anagonga kwa spana upande huu, nami nimelaza sikio kwenye chuma upande wa pili. Wapakizi walipata kichekesho cha mwaka. Mmoja alipaza sauti kwamba karani anabisha hodi, nani amkaribishe? Mwingine akajibu mwacheni, amechoka na karatasi, anatafuta mke wa chuma. Nilitoa jasho mpaka shati likanigandama, lakini nimezimaliza. Kati ya bilula sitini na nne, kumi na moja zinafanya jambo jingine, si lile lililoandikwa ubavuni mwake. Moja kati ya hizo kumi na moja, mtu akiitii, yatakayomwagika ni petroli.

Nilipomwonyesha Ghanim daftari, alilifunga haraka kama mtu aliyefunua chungu cha mwenziwe. Wallahi Mahfudh, akaniambia, viti vya Wazungu vimekaribia kuwa wazi, nawe waenda kukivunja miguu chako kabla hujakikalia. Akanishauri vibao vibadilishwe kimyakimya, daftari lichomwe, na mzee tumchangie kwa siri. Si mtu mbaya, Ghanim. Anaogopa kama ninavyoogopa mimi.

Lakini yeye hajui jambo moja, na hili sijamwambia yeyote chini ya jua. Nakwambia wewe kwanza ili Jumatatu mdomo wangu uwe umeshajifunza njia.

Mwaka jana, siku mbili kabla sijatia sahihi, Mzee Mramba alinijia mlangoni kofia mkononi. Akaniambia, mwalimu, ile ya ishirini na saba siku hizi si ile; nikiigusa inalia kwingine, hebu njoo uisikilize. Nilikuwa na kalamu mkononi na chai mezani. Nikamjibu: Mzee, mkono husahau, maandishi hayasahau. Fuata kibao. Akaniitikia vyema, akaenda zake, akanitii. Kisha nikaandika kwa mwandiko mzuri, ule ulionifunza wewe, Nimehakiki kila bilula na maelezo yake, nikatia jina langu.

Mkono wake ulijua, dada. Mimi ndiye niliyeunyamazisha, na ndio ulioungua.

Ile taarifa sikuipiga. Nimepiga nyingine, nakala tatu, na bilula zote kumi na moja zimo, na maneno ya mzee mlangoni yamo, na jibu langu limo kama lilivyotoka. Jumatatu saa tatu asubuhi nitaiweka mezani na kuisoma kwa sauti mwenyewe. Naogopa. Naogopa polisi, naogopa kiti kitakachoniponyoka, na zaidi ya vyote naogopa uso wa Mama. Lakini barua hii itakapokufikia, Jumatatu itakuwa imepita, kwa hiyo sikuombi ushauri. Nakuomba dua tu. Jana nilimwambia mzee hospitalini kwamba hakukosea hata herufi. Akaniuliza kama kwa hivyo bado anajua kusoma. Nikamwambia anajua kuliko mimi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na umkande Mama goti kwa niaba yangu.

Chumba cha kampuni nitakirudisha Jumapili kabla hawajaniambia, kwa hiyo usiniandikie tena hapa. Nitakuwa Likoni, kwa Bi Kafedha, somo yake Mama. Amekubali kunificha na kunyamaza. Ukija kwa basi la Tanga usivuke feri. Shuka kituo cha mwisho, shika njia ya mchanga iliyo nyuma ya msikiti mdogo, ufuate mpaka kisima chenye kifuniko cha mbao. Ukikipita kisima, hesabu nyumba nne mkono wa kulia; ya nne ina mlango wa kijani uliopauka. Piga hodi useme wewe ni wa Mbwana.

Hapo juu utaona nimekata neno. Kwanza niliandika nyumba tatu, kwa kukumbuka. Jana nikavuka feri, nikaitembea njia yote toka kituoni, nikihesabu kwa kugusa kuta. Ni nne.

Ndimi mdogo wako,
Mahfudh bin Mbwana