Ngoma Langoni kwa Kuppuraj

Mtaa wa Ganapathi,
Coimbatore.
9 Julai

Mpendwa Kaka Thangavelu,

Pokea salamu zetu sote. Habari za Ipoh, na kifua chako kinaendeleaje? Wifi bado anakukataza sigara, au amekata tamaa? Sisi ni wazima wa mwili. Wa moyo siwezi kukudanganya: sina amani.

Unaijua kesi yetu na Kuppuraj, mwenye kiwanda cha pampu. Tulimyeyushia vyuma na kumsubia vipuri vya pampu, akavichukua, hakulipa. Mwaka jana baraza la usuluhishi likatupa tuzo, yaani likaamua atulipe, nikadhani yamekwisha. Kumbe tuzo ni karatasi tu mpaka mahakama iikazie, iamuru itekelezwe. Kama alitaka kuipinga, sheria ilimtaka kwanza aweke mahakamani robo tatu ya deni. Hakuweka, muda ukampita. Nikaomba tuzo ikaziwe, maana benki inatudai mkopo na inataka kuuza nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu.

Jana dalali wa mahakama aliniambia lazima niende mwenyewe nikamwonyeshe mali, tena nimlipe mpiga ngoma, kwa sababu kiwanda cha mtu hakizuiwi kimyakimya. Hutangazwa langoni kwa ngoma. Sikupata usingizi. Mpiga ngoma ni Kaliyan, yule yule aliyetupigia siku ya mazishi ya mume wangu.

Leo asubuhi tukafika. Kaliyan naye alikuwa anasitasita.

"Mama, mimi hii nawapigia maiti tu. Leo kafa nani?"

"Hajafa mtu, limefufuka deni," dalali akamjibu. "Piga, mzee, jua linachoma."

Akapiga. Mdundo mwingine haujui. Wafanyakazi wakatoka, na muuza maua ng'ambo ya barabara akaanza kushusha mashada, akidhani kuna msiba. Dalali hajamaliza kusoma amri, mama yake Kuppuraj akateremka kutoka ghorofani, nywele zimefumuka, anajipiga kifua na kumlilia mwanawe. Akaniona, akanikumbatia.

"Selvi, mwanangu kaniacha. Jana alikula vizuri tu."

Nilimshikilia mpaka Kuppuraj alipotoka ofisini, mkono kifuani pale alipopasuliwa moyo.

"Mama, niko hapa. Nyamaza." Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa. "Dada, umeshakunywa chai?"

Kaka, afadhali angenitukana. Amri imebandikwa langoni, hawezi kuuza kiwanda wala kukiweka rehani, na dalali anasema sasa atalipa. Lakini huku mtaani hakuna anayezungumzia hukumu. Mchana nilipokwenda bombani wanawake walinipisha foleni nzima bila kusema kitu. Mmoja tu ndiye aliyefungua mdomo.

"Selvi, Kuppuraj akikohoa tu mwezi huu, tutakuuliza wewe."

Naogopa, kaka, naogopa kweli. Mtu mgonjwa wa moyo nimempigia ngoma ya maiti mlangoni kwake, mama yake anasikia. Akilipa, nyumba itabaki yetu. Akifa kabla ya hapo, hata nikiipata sitaweza kukaa humo.

Nisalimie wifi, na Poongodi na mumewe. Shangazi Rukkumani usimwambie lolote, presha yake unaijua. Mama Mariamman, mungu wetu, awafunike ninyi nyote kwa mkono wake. Na Ijumaa ukienda hekaluni, nakuomba uvunje nazi mbili: moja yetu, na ya pili umwombee Kuppuraj afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Selvanayaki