Mnyama Aliyenitangulia Njiani

Jumatatu, 25 Novemba 1963

Leo nimefundisha kitu nisichokijua. Darasa la sita, kitabu cha kusomea, ukurasa wa mbwa mwitu. Si mbwa mwitu wetu wa nyikani mwenye madoa – huyu ni wa Ulaya, wa theluji. Watoto wakaomba niwachoree ubaoni. Nikachora. Wakacheka mpaka madawati yakalia: nimechora fisi mwenye masikio ya mbwa! Mwalimu Suleiman wa darasa la tano akachungulia dirishani, akauliza kama huyo ni mnyama au mkaguzi wa shule. Mtu wa Majoreni huyu, ulimi wake hauna likizo.

Siku kumi na mbili zimebaki. Jumamosi ya tarehe 7 wazee wa mchumba wangu Mwero wanakuja kutoka Msambweni kuniposa. Kibuyu cha mnazi, tembo la posa, kitawekwa mbele ya Bibi Kahaso, maana ndiye aliyenilea. Akionja, nimeolewa nusu. Asipoonja, kila mtu arudi kwao. Bibi anampenda Mwero – humwita "mume wangu" na mimi "mke mwenzangu" – lakini kwenye mnazi wa posa hana utani.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeota. Alfajiri, jogoo hajawika. Niko barabarani, mnyama ananitangulia. Masikio juu, mkia chini, anachechemea kidogo. Kila nikisimama anageuka, ananingoja. Hakunidhuru. Nimeamka na furaha, hata nikaona haya – mwalimu mzima kumfurahia mbwa mwitu wa ubaoni!

Nikamwuliza Mwinjilisti Baya, msimamizi wa shule yetu. Akasema mbwa mwitu ni nabii wa uongo aliyevaa ngozi ya kondoo, na nijihadhari na vijana wa malori. Mwero ni dereva wa lori. Nikamshukuru. Suleiman yeye alisema masheikh huagua kwamba ni adui au mwizi, lakini nisisahau kuwa mbwa mwitu wa Nabii Yusufu alisingiziwa tu. Ndugu ndio waliofanya, mnyama akabebeshwa lawama. Nimemhurumia sana, masikini.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimeshinda na kitabu kikubwa cha maktaba ya misheni. Kumbe! Warumi wanasema mji wao ulijengwa na mapacha walionyonyeshwa na mbwa mwitu jike. Watu wa kaskazini, kwenye baridi, walikuwa na mungu wa jicho moja anayewapa mbwa mwitu wake wawili chakula chake chote, yeye akinywa tu. Halafu siku ya mwisho mbwa mwitu mwingine atamla yeye mwenyewe. Shukrani ya punda ni mateke, hata kwa miungu. Na Misri ya kale kulikuwa na mungu wa umbo la mbwa mwitu, akitangulia mbele ya mfalme na mbele ya wafu. Jina lake, Mfungua Njia.

Basi nimechagua huyo. Posa wiki ijayo, Uhuru wiki mbili zijazo – njia inafunguka, nataka nini tena?

Jioni nikamsimulia Bibi tukichambua kunde. Alianza kwa kucheka. Nilipofika kwenye kuchechemea akaacha kunde. Mguu gani? Wa nyuma. Akasema mungu wa Misri hana shughuli hapa Taru. Huyo ni fisi, na fisi kwa ukoo wao ni mzee: akifa hufunikwa, huzikwa, hukaliwa matanga kama mtu.

"Kuna aliyekufa na hakuliliwa, mke mwenzangu. Amekuja kutafuta mkeka."

Jumapili, 1 Desemba

Mwero alipita baada ya ibada. Hakuvaa koti, nikadhani ni joto. Nikamsimulia ndoto kwa mzaha. Hakucheka. Jumatano ileile alfajiri, maili mbili tu kutoka hapa, fisi alikatiza mbele ya lori lake, Mwero akamgonga, akafa. Mwero alimburuta mpaka mtaroni, akamfunika, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Yeye kakulia pwani, kwake ni mnyama tu, lakini ukoo wa Bibi anaujua. Ameniomba ninyamaze mpaka posa ipite. Nikasema sawa.

Kwa nini nilisema sawa?

Jumanne, 3 Desemba

Bibi anamwuliza kila mtu kisimani kama ameona mzee aliyelala njiani. Ametangaza kwamba mpaka apatikane, mnazi hautapita kooni mwake, wa Msambweni wala wa peponi. Baya kasikia. Akasema Uhuru unabisha hodi na sisi bado tunalilia fisi. Bibi akamjibu kwa adabu:

"Uhuru na ukaribie, mwanangu. Ila ni uhuru wa kumsahau nani?"



Nikisema, namchoma Mwero. Nikinyamaza, mnazi utamwagika vilevile, nami nitakuwa nimemdanganya aliyenibeba mgongoni.

Jumatano, 4 Desemba

Nimempelekea Mwero barua kwa dereva mwenzake. Mistari miwili. Njoo umwambie mwenyewe. Usipokuja, Jumamosi sitoki chumbani.

Ijumaa, 6 Desemba

Hakuna jibu. Nimesuka nywele hata hivyo.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya mtungi.

Amekuja! Asubuhi, peke yake, kabla ya wazee wake. Shikamoo Bibi. Marahaba, mume wangu. Akapiga magoti, akasema yote bila kulainisha. Mimi nyuma ya mlango, nasikiliza. Kisha Bibi akauliza jambo moja tu: alimfunika na nini.

Mwero akainamisha kichwa. "Na koti langu, Bibi. Lile la posa."

Hata mimi hakuniambia. Nikalia palepale, sijui kwa ajili ya fisi au koti.

Wakapanda lori wawili hao, wakaenda wakaizika mifupa pamoja na koti. Waliporudi Bibi akatandika mikeka uani. Matanga ya siku moja, na aliyeua hukaa mahali pa mtoto wa marehemu. Ndipo wazee wa Msambweni wakafika, mashati meupe, kibuyu begani, wakamkuta kijana wao kakaa chini anapewa pole. Wakauliza nani amefariki. Bibi akasema, mzee wa barabara. Wakavua viatu, wakalia kwa heshima zote. Mmoja analia kuliko Mwero. Sidhani kama ameshaambiwa. Baya naye amefika, kavua kofia, anauliza jina la marehemu ili amwombee. Hakuna anayemjibu. Suleiman ametoka nje kukohoa, lakini mabega yake nayajua.

Kibuyu kiko kivulini, hakijafunguliwa. Bibi hajakitazama hata mara moja. Kando ya Mwero kuna mkeka mtupu, mahali pa mke wa mfiwa. Jirani mmoja alitaka kuukalia, Bibi akamzuia kwa fimbo. Nimeelewa. Nikikaa pale nimesema mbele ya wote kwamba mimi ni wa Mwero, na kwamba namlilia fisi. Kabla ya mnazi, kabla ya kanisa, na mbele ya Baya, ambaye ndiye anayepeleka misheni majina ya walimu wa kuachishwa kazi.

Bibi amekuja jikoni. Ametangulia, anachechemea na fimbo yake, amefika mlangoni, amegeuka. Ananingoja –