Makarai Saba ya Udongo

Kintinku,
Februari 9.

Dada yangu Rahel,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Tabora mnaamka salama, na ule mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku tunaendelea. Asnath na watoto wanakusalimu, uwele umetoka vizuri isipokuwa ndege wameanza fujo zao, na yule mbuzi uliyemwacha na mimba amezaa mapacha, madume wote wawili, kwa hiyo usianze kuota maziwa. Barua hii anakuletea Antipasi, anayekuja huko kwa treni. Najua utashangaa mtu mwenye simu mfukoni anaandika barua. Simu nimekupigia mara tatu, na mara zote nikakuuliza kama huko kumenyesha, kisha nikakata.

Nakuandikia kabla hujaja kumchukua Mama. Umesema Alhamisi ijayo utashuka hapa umpeleke Dodoma, na sote tunajua mtu akisema Dodoma kwa sauti ile ana maana ya hospitali gani. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Leonidas, ndiye aliyekupigia akakwambia kwamba mvua ikianza tu Mama anatoka ndani na kusimama zizini mpaka alowe chapachapa, na kwamba tangu mafuriko ya mwaka jana akili yake haijatulia. Usimkasirikie Leonidas. Alisema alichokiona na alichoambiwa. Ila nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ufunge mizigo.

Nyumba hii ya bati tuliyojengewa na watu wa msaada ni nzuri, sina la kusema. Sakafu ni ya saruji, madirisha mawili, na Asnath ameshaweka mapazia. Lakini wewe umekulia kwenye tembe, unajua kwamba chini ya paa la udongo mvua huisikii. Unajua imenyesha pale inapokudondokea. Huku kwenye bati matone kumi tu ni kelele, na ikishika kasi hata mume na mke walio kitanda kimoja hawasikilizani. Mvua ya kwanza ilinyesha Desemba, mchana, tukiwa tunakula. Siku hiyo ndipo huku kutoka nje kulipoanza.

Mara ya tatu au ya nne hivi, Leonidas alipita na baiskeli yake akatukuta zizini mimi na Mama, mvua inatupiga, Mama amejifunika gunia. Akasimama kuuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba ni Mama, tangu mafuriko hayuko sawa, na mimi nimemfuata kumrudisha ndani. Mama alikuwa palepale, anasikia, akalivuta tu gunia lake vizuri kichwani. Jumapili yake kanisa zima lilimwombea. Jina lake nililisoma mimi mwenyewe, maana unajua kwamba matangazo kanisani nasoma mimi.

Wiki iliyopita nikampeleka zahanati. Yupo muuguzi mgeni anaitwa Luciana, binti mpole, amesomea mambo ya watu waliopitia majanga. Anasema walio hivyo ni wengi hapa kijijini, na si vichaa wala hawakurogwa, ni hofu ya siku ile haijawatoka. Alimuuliza Mama kama analala. Mama akasema usingizi unakatika alfajiri, mtu anashtuka na kushika ukuta. Akamuuliza habari ya chakula, Mama akasema ugali unazungushwa tu kwenye sahani. Wingu likitanda je? Mama akasema mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, na mtu akiulizwa anasingizia baridi. Luciana akaandika yote kwenye kadi ya Mama. Mimi nilikuwa kwenye benchi kando yake. Dada, Mama analala fofofo, na ugali wake anamaliza na kuomba ukoko. Kila alichojibu kilikuwa changu.

Ni mimi, Rahel. Anayekimbilia nje mvua ikinyesha ni mimi. Mama ananifuata na gunia lake ili nisisimame peke yangu. Wapita njia wakiona mwanamke mzee na mwanamume mzima kwenye mvua, wanaamua wenyewe nani mgonjwa, na mimi niliwasaidia kuamua. Niliona haya. Nimemvika mama yetu ugonjwa wangu mbele ya kijiji kizima, naye akauvaa bila kunung'unika, na hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Na kuna lingine nililokuficha tangu msiba. Watu wote wanasema maji ndiyo yaliyomuua Baba. Asubuhi ile maji uani yalikuwa hayajapita kifundo cha mguu. Mvua ilikuwa siku ya tatu, tembe linavuja juu ya kitanda cha Baba, naye homa imemlaza hawezi kuinuka. Nikafanya tunavyofanya siku zote: nikapanda juu, nikamwaga udongo, nikaukanyaga. Makarai saba. Udongo wa zamani ulikuwa umeshakunywa maji siku tatu, na mimi nikauongezea mzigo. Nilishuka kwenda kufungulia mbuzi, ndipo nikasikia boriti zinakatika. Sasa bati likilia mimi nasikia boriti zile, na siwezi kukaa ndani.

Haya yote nilimwambia Mama njiani tukitoka zahanati. Nilidhani ataketi chini alie. Alinisikiliza huku anatembea, halafu akaniuliza kwa Kigogo kama nakumbuka nani alikuwa chini ananipandishia udongo. Sikukumbuka. Mwaka mzima nimejiona juu ya paa lile peke yangu. Akasema ni yeye aliyechota makarai yote na kuninyooshea, na kwamba lilipofika la sita mimi nilisema basi, inatosha, yeye ndiye aliyesema niongeze moja kwa sababu Baba analowa.

Tulisimama pale barabarani tukalia wote wawili, watu wanapita na mikokoteni yao. Baadaye nikamuuliza, kama ni hivyo, yeye usingizi anaupata wapi. Akasema mvua ikianza yeye ana kazi, anatafuta gunia.

Basi Alhamisi njoo, lakini si kumchukua Mama. Jumatatu narudi kwa Luciana anifungulie kadi yenye jina langu. Akisema Dodoma, nitakwenda, na ningependa twende pamoja. Kabla ya hapo, Jumapili nitasoma matangazo kama kawaida. Nitaomba radhi kwa lile nililosoma juu ya Mama, kisha nitaomba waniombee mimi.

Msalimie shemeji, na watoto uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Mama anakusalimu sana. Anasema mvua bado zipo, uje na gunia lako.

Mimi mdogo wako,
Zefania